Kabla ya kufunga mpaka wa Kasumbalesa, ifunguliwe barabara ya Mitwaba

Kila mara bei ya unga inapopanda Lubumbashi, sauti mbili husikika haraka. Moja inataka mpaka ufunguliwe wazi, nyingine inataka ufungwe. Ya kwanza ni ya mama wa Katuba au Rwashi ambaye siku bila bukari ni siku ya kulaza watoto njaa. Ya pili ni ya wanasiasa, na ya wenye viwanda pia, wanaosema ni aibu kwa nchi yenye udongo kama wa Congo kula mahindi ya jirani. Wote wana haki kwa upande wao. Anayesahaulika ni mtu wa tatu, mkulima wa Mitwaba, ambaye mahindi yake yanaweza kukaa ghalani mpaka yaingiwe na wadudu kwa sababu lori halikufika.

Mabishano haya yalipata moto mwaka 2024. Serikali ya Kinshasa, kupitia wizara ya biashara ya nje iliyokuwa mikononi mwa Julien Paluku, ilikataza kuingiza bia na vinywaji vya sukari kutoka Zambia. Wenye malori waliandamana, na tarehe 10 Agosti mwaka huo Zambia ikajibu kwa kufunga mipaka yake na Haut-Katanga: Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Malori ya shaba yakabaki kwenye foleni upande huu, malori ya chakula na kemikali za migodi yakabaki upande ule. Siku chache baadaye wakubwa wa nchi zote mbili wakaketi mezani na mipaka ikafunguliwa. Siku hizo chache zilitosha kuonyesha nani anamshika nani: Zambia inahitaji pesa ya njia ya shaba ya Congo, na Lubumbashi inahitaji karibu kila kitu kinachopita njia hiyohiyo kikirudi.

Katazo la bia lina mantiki yake, na ni vema lisemwe wazi. Lubumbashi ina kiwanda cha bia. Brasimba inatengeneza Simba na Tembo hapahapa mjini, ina wafanyakazi, inalipa kodi, na chupa zake zinafika Kenya, Kamalondo na Kampemba bila kuvuka mto wala matope. Mtu akinyimwa bia ya ng'ambo, ya kwetu iko mbele yake baridi. Ushuru au katazo hapo linamsukuma mnunuzi kutoka bidhaa moja kwenda nyingine iliyo tayari. Huenda akalalamika juu ya bei au ladha, lakini hatalala na kiu.

Unga ni habari nyingine kabisa. Ukiufungia mlango unga wa Zambia leo, hakuna unga mwingine unaosimama nyuma ya mlango ukingoja kuingia. Kuna ahadi, hotuba za kufungua kampeni ya kilimo, na picha za viongozi juu ya trakta mpya. Mfuko wenyewe, umeshonwa na kupimwa, ukiwa sokoni Mzee Kabila kwa bei ambayo mwalimu au askari anaweza kulipa, hauonekani kwa wingi unaotosha mji wa watu zaidi ya milioni mbili.

Tabia hii ya kula kutoka kusini haikuanza jana. Reli ilipofika Elisabethville mwaka 1910 ikitokea Rhodesia, ilileta mashine za Union Minière pamoja na mahindi ya mashamba ya walowezi wa huko, na posho ya mfanyakazi wa mgodi ikapikwa kwa nafaka ya ng'ambo ya mpaka. Reli ilipofika Bukama mwaka 1918 chakula cha kaskazini, cha nchi ya Waluba, kilianza nacho kushuka kwenda migodini. Hilo ni jambo la kushika akilini. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kilichoamua watu wa mjini wale mahindi ya nani ni upande gani reli ilielekea, na uzalendo wa mpishi haukuhesabiwa.

Baadaye Gécamines ilichukua kazi ya Union Minière pamoja na desturi ya kumpa mfanyakazi unga kila mwezi. Kampuni ilipoanguka miaka ya 1990, posho ilianguka nayo, na kila nyumba ikabaki inajitafutia. Waporaji wa Oktoba 1991 walikuwa wameshabomoa maduka na maghala ya mji. Mfumo wa kununua mazao ya vijijini ukafa pole pole bila mazishi. Aliyejaza pengo ni mchuruzi mdogo anayevuka Kasumbalesa, na nyuma yake tajiri mwenye malori kumi. Leo wanalaumiwa kana kwamba ndio waliofunga mashamba.

Wengi husema Zambia imebarikiwa na ardhi nzuri. Sivyo. Udongo wa Copperbelt na ule wa Sakania ni udongo mmoja, mwekundu, wenye asidi, unaochoka haraka bila mbolea na chokaa. Mvua ni ileile inayoanza Oktoba au Novemba na kukoma Aprili. Mstari wa mpaka ulichorwa na Wazungu juu ya ramani, na hindi haliuoni. Kilicho tofauti ni kinachofanywa na serikali. Tangu mwaka 2002 Zambia ina mpango wa kumpunguzia mkulima mdogo bei ya mbolea na mbegu. Ina pia shirika la akiba ya chakula, Food Reserve Agency, linalonunua mahindi hata katika vijiji vya mbali kwa bei iliyotangazwa. Mipango hiyo ina matatizo yake, na Wazambia wenyewe wanalalamika juu ya wizi wa mbolea na malipo yanayochelewa. Hata hivyo mwaka 2025 nchi ile ilitangaza mavuno ya zaidi ya tani milioni 3.6, baada ya ukame wa mwaka 2024 kuyashusha hadi karibu tani milioni 1.5.

Kwa hiyo mfuko wa unga wa Zambia unaouzwa Lubumbashi una ndani yake pesa ya mlipa kodi wa Lusaka. Mkulima wa Haut-Katanga, anayenunua mbolea kwa bei kamili, tena mara nyingi mbolea iliyopita kwa mpaka uleule, anaambiwa ashindane na hazina ya nchi nzima. Wanaodai ushuru juu ya unga wa nje wana hoja hapa, na si hoja dhaifu. Ushindani huo hauna usawa.

Lakini urahisi wa unga wa jirani una tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo anaipanga jirani. Mwaka 2016 Zambia ilikataza mahindi yake kutoka. Mwaka 2024, Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa tarehe 29 Februari, na mlango ukabanwa tena. Kila mara Lubumbashi ilipiga kelele, gavana akaagiza unga Tanzania au Afrika Kusini, na mvua iliporudi Zambia kila mmoja akasahau. Nchi inayongoja jirani ashibe kwanza ndipo nayo ile imeshaweka tumbo lake chini ya serikali nyingine, hata kama bendera yake inapepea.

Hapo ndipo Mitwaba inaingia katika hesabu. Ni moja ya teritware sita za Haut-Katanga, pamoja na Kambove, Kasenga, Kipushi, Pweto na Sakania, na iko mbali kaskazini, kilomita mia kadhaa kutoka makao makuu ya jimbo. Nje ya jimbo jina lake linajulikana kwa mambo mawili: bati, na vita. Tangu miaka ya 2000 eneo la Mitwaba, Manono na Pweto liliitwa pembetatu ya kifo. Hapo Mitwaba ndipo Gédéon Kyungu Mutanga alipojisalimisha mwezi Mei 2006, na baada ya yeye kutoroka gereza la Kasapa mwaka 2011, moto ukawaka tena chini ya jina la Bakata Katanga. Wakulima walikimbia mara mbili, mara tatu. Aliyekimbia mwezi wa kupanda hana cha kuvuna, na aliyekimbia mwezi wa kuvuna amelima kwa ajili ya wenye bunduki.

Watu hao walirudi. Wanalima mahindi, muhogo, karanga na maharagwe kwa jembe la mkono, katika nchi yenye nafasi kubwa kati ya mbuga za Upemba na Kundelungu. Hawahitaji kufundishwa kulima, wala kuhimizwa kupenda nchi yao. Wanahitaji lori lifike, na wakati wa mvua lori halifiki. Barabara ya udongo inageuka tope, daraja la miti linaoza, na gari likikwama dereva hulala hapo siku kadhaa akipika chini ya turubai. Mwenye lori anajua hilo, kwa hiyo akikubali kwenda anadai bei inayolipia hasara ya safari inayokuja pia. Wengi hawakubali. Baiskeli na pikipiki ndizo zinazobaki, na pikipiki haijengi soko la mji wa mamilioni.

Kwenye barabara hiyo kuna jambo jingine linalozungumzwa kidogo katika mijadala ya forodha, ingawa lina uzito kuliko forodha yenyewe. Ni barieri. Kutoka kijijini mpaka mjini, mfuko wa mahindi ya Congo unapita mbele ya kamba na vijiti vya watu wa teritware, wa sekta, wa polisi, wa jeshi, wa mazingira, wa kilimo na wa wengine wasio na jina. Kila mmoja ana daftari au hana. Kwa mpakani sheria iko wazi: amri nambari 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 iliruhusu idara nne tu kufanya kazi kwenye mipaka, yaani duane, OCC, DGM na usafi wa mipakani. Kila mtu aliyepita Kasumbalesa anajua idadi anayoikuta pale. Lakini ndani ya nchi, kwenye njia ya mazao, hata hesabu ya nne haipo.

Itazamwe kwa jicho la hesabu. Ushuru wa forodha wa Congo, kwa sheria ya Septemba 2012, una viwango vya asilimia 5, 10 na 20, pamoja na vitu vichache visivyolipa kitu. Bidhaa iliyomalizika ya thamani ya dola 100 ikipigwa asilimia 20 inafika 120. Juu yake inakuja TVA ya asilimia 16, inayohesabiwa juu ya ile 120, yaani dola 19 na senti 20. Jumla inakuwa 139 na senti 20 kabla ya malipo madogo madogo. Ni mzigo mzito, lakini mchuruzi anaujua kabla hajaondoka nyumbani. Anaweza kuuweka katika bei, na akiwa na bahati anapewa risiti. Mkulima wa Mitwaba hajui atalipa nini mpaka afike. Mzigo wake hauna kiwango wala risiti, na unaweza kuongezeka kwa sababu ya hasira ya mtu mmoja aliyeamka vibaya. Congo imeweka, bila kupiga kura, ushuru mkali juu ya bidhaa yake yenyewe.

Mtu akilijua hilo, wito wa kununua vya kwetu unasikika tofauti. Mama wa soko la Kenya hachagui unga kwa rangi ya bendera. Anatazama bei, anatazama kama mfuko umefungwa vizuri, anachukua unga kidogo mkononi kuona kama una mchanga au umeshika unyevu. Mfuko wa Zambia una uzito uliochapishwa na jina la kinu, na ukimpa hasara anajua wa kumlalamikia. Unga wa kinu kidogo cha mtaani unaweza kuwa mtamu kuliko huo, na wengi wanausifu, lakini haufanani kutoka wiki hadi wiki kwa sababu mahindi yenyewe yalikauka juu ya ardhi na kusafiri chini ya mvua. Hilo litaponywa na ghala lenye paa, mahali pa kukaushia na mizani ya kweli. Hotuba haikaushi mahindi.

Wanaoshauri kufunga mpaka kwanza na kulima baadaye wangetazama kilichotokea kwingine. Nigeria ilifunga mipaka yake ya nchi kavu Agosti 2019 ili kuwalinda wakulima wake wa mpunga, ikaifungua tena Desemba 2020. Katika miezi hiyo bei ya mchele ilipanda, mchele wa magendo haukukoma, na nchi ya watu zaidi ya milioni 200 ikagundua kwamba amri haiwezi kukoboa mpunga mahali ambapo vinu havitoshi. Haut-Katanga ina mpaka mrefu na Zambia, wenye njia za panya nyingi kuliko za serikali. Kufunga Kasumbalesa bila kitu mkononi ni kuwapa kazi wenye baiskeli za usiku na kuinyima DGDA mapato. Unga utaingia tu, ila utakuwa na bei ya hatari ndani yake.

Rwanda ilitoa mfano mwingine. Mwaka 2016 ilipandisha ushuru wa nguo kuukuu kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2 na nusu, ili viwanda vyake vya nguo vipate nafasi. Marekani ilikasirika, na Julai 2018 ikaisimamishia Rwanda nafuu ya kuuza nguo kule bila ushuru chini ya AGOA. Kigali haikurudi nyuma. Mtu anaweza kuisifu au kuilaumu, lakini ilijua gharama kabla na ikakubali kuilipa. Congo ilipokataza bia ya Zambia, ilionekana kushangaa kwamba Zambia nayo ina mlango wa kufunga. Na Marekani yenyewe, iliyowafundisha wengine soko huru miaka mingi, tangu Aprili 2025 imewapandishia karibu wote ushuru. Dunia imerudi kwenye mipaka. Hiyo haina maana kwamba kila anayeiga anajua anachokifanya.

Wapo wanaosema mikataba inaifunga Congo mikono. Ni kweli kwa sehemu. Congo na Zambia zote ni wanachama wa COMESA na wa SADC, na tangu mwaka 2022 Congo ni mwanachama pia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Zambia haimo lakini Tanzania imo. Kujiunga na jumuiya tatu zenye kanuni tatu ni rahisi kuliko kuzitii. Lakini mikataba ya namna hiyo huacha nafasi kwa nchi kulinda sekta changa kwa muda, mradi itoe taarifa na iseme mwisho wake ni lini. Na hakuna mkataba wowote unaomkataza mtu kutengeneza barabara yake.

Wala si kweli kwamba serikali haiwezi. Tarehe 22 Februari 2025 ilisimamisha kuuza kobalti nje, ikashikilia uamuzi huo miezi, kisha kuanzia Oktoba 16 ikaweka kiasi maalumu kwa kila kampuni: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya 2025, na tani 96,600 kwa mwaka katika 2026 na 2027. Kampuni kubwa za dunia zililalamika, bei ya dunia ikapanda, na serikali haikutetemeka. Mpaka uleule unaosemekana haulindiki kwa mahindi ulilindika vizuri kwa kobalti. Rais Félix Tshisekedi amerudia mara nyingi kwamba udongo utalipiza kisasi juu ya madini. Mpaka sasa madini bado yana mawaziri wakali zaidi.

Migodi yenyewe ingeweza kuwa mnunuzi wa kwanza. Moïse Katumbi alipokuwa gavana wa Katanga, kati ya 2007 na 2015, alizitaka kampuni za madini kila moja ilime hekta 500 za mahindi. Wazo lilipigiwa makofi na matunda yake yalikuwa machache, na sababu si ngumu kuiona: mchimba shaba si mkulima. Alilima ili apewe amani na ofisi ya gavana, na fundi wake wa trakta alikuwa na haraka ya kurudi kwenye kazi yake. Kampuni nyingine zililima vizuri, nyingine zililima kwa picha. Afadhali kampuni ingebaki kuchimba, ila ikafunga mkataba wa kununua. Maelfu ya wafanyakazi wa Lubumbashi, Likasi, Kambove na Fungurume wanakula kila siku kwenye kantini. Kama kantini hizo zingetakiwa kununua sehemu ya unga wao kwa vyama vya wakulima wa jimbo, kwa bei iliyosemwa kabla ya mwezi wa Novemba, mwenye lori angepata sababu ya kwenda Mufunga-Sampwe na Mitwaba, na benki ingepata karatasi ya kukopeshea.

Sheria ya Februari 2017 juu ya kazi ndogo za kampuni kubwa inataka kazi hizo zipewe kampuni za Wakongomani. Imeleta kelele na faida mjini, katika usafiri, ulinzi, na hata kantini. Lakini kampuni ya Mkongomani inayolisha mgodi kwa unga wa Zambia, kuku wa barafu kutoka mbali na samaki wa tomsoni kutoka Namibia inatimiza herufi ya sheria tu. Jina la mwenye kampuni limebadilika. Chakula kwenye sahani kingali kilekile. Hapo ARSP ingeweza kuuliza swali la pili: umenunua wapi?

Jeshi, magereza na hospitali za serikali nazo hula. Huko Kaniama-Kasese, Haut-Lomami, Service National inawalimisha vijana walioletwa kutoka mitaa ya Kinshasa, na mahindi yao yamepelekwa mijini wakati wa shida. Ni kazi yenye heshima, lakini unga wa kuzima moto haumsaidii sana mkulima wa kijijini. Ukifika kwa wingi mwezi wa mavuno unaweza hata kumvunjia bei. Anayehitaji kuokolewa kwanza ni yule aliyelima bila kuamriwa na mtu.

Ushuru ungeingia wapi basi? Ungeingia baadaye, tena kwa msimu. Mahindi ya Haut-Katanga yanavunwa kuanzia Aprili. Kutoka hapo hadi Julai au Agosti, wakati ghala za vijijini zimejaa, unga wa nje ungelipa zaidi kidogo, ili mkulima asivunjiwe bei siku anayohitaji pesa ya karo na dawa. Kuanzia Desemba hadi Machi, miezi ya njaa, ungeshuka tena bila mtu kuandamana. Kalenda hiyo itangazwe mwaka mmoja kabla na isibadilishwe katikati kwa simu kutoka Kinshasa. Mchuruzi wa Kasumbalesa angeizoea. Hata hatakosa kazi, kwa sababu mwenye lori na ujuzi wa soko anaweza kubeba mahindi kutoka kaskazini kama anavyobeba kutoka kusini, njia ikipitika. Na pesa ya ushuru huo isipotelee kwenye mfuko mkubwa. Iandikwe katika sheria kwamba inatengeneza madaraja ya njia za mazao, jina la daraja kwa jina la daraja.

Hilo la mwisho ndilo litakaloleta ugomvi, maana Congo haina uhaba wa mifuko ya pesa yenye majina mazuri. Ina FONER kwa barabara tangu mwaka 2008, inayolishwa na mafuta na peage. Ina FPI kwa viwanda, yenye kodi yake ya asilimia 2. Sheria ya kilimo ya Desemba 2011 ilitaka pembejeo za kilimo zisamehewe ushuru. Mkulima wa Mitwaba aulizwe ni lini alinunua mbolea kwa bei iliyosamehewa. Na ipo Bukanga-Lonzo, shamba kubwa la kisasa lililozinduliwa mwaka 2014 ili kulisha Kinshasa, ambalo mwisho wake ulikuwa mahakamani: Mei 2025 waziri mkuu wa zamani Augustin Matata Ponyo alihukumiwa miaka kumi ya kazi ngumu kwa pesa iliyopotea huko. Mtu asiyetaka kulipa franka moja zaidi kwa ajili ya kilimo cha taifa hakosi akili. Anakumbuka.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni ndogo na inapimika kwa macho. Jimbo la Haut-Katanga lina bajeti yake, na kwa Code minier ya 2018 linapokea asilimia 25 ya malipo ya madini yanayochimbwa kwake, huku miji na sekta zenye migodi zikipata asilimia 15. Bunge la jimbo linapokaa kuijadili bajeti, mbunge aliyechaguliwa Mitwaba ana haki ya kusimama na kuuliza mambo matatu kwa sauti: ni madaraja mangapi ya njia ya Lubumbashi kwenda Mitwaba yatakuwa yamejengwa kabla ya mvua, ni barieri ngapi zitaondolewa na kwa amri ya nani, na mahindi yatakayofika yatanunuliwa na nani. Majibu yaandikwe na yapewe tarehe, na mwaka unaofuata aliyejibu aitwe tena mbele ya bunge hilohilo. Swali la kupandisha ushuru wa unga wa Zambia linaweza kungoja mpaka lori la kwanza liondoke Mitwaba mwezi wa Januari na kufika soko la Mzee Kabila na mzigo wake mkavu.